Ijumaa za Kutazama Nyuma

Ijumaa, 10 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana imepiga leo hapa Kempton Park, nayo haikuja na maji tu, imekuja na mawe. Kioo cha nyuma cha gari langu kimekwenda, na gari lenyewe nimelitoa kwa fundi juzi. Nimekaa jikoni nina hasira na sina wa kumfokea, ndiyo maana naandika.

Leo pia ilikuwa zamu ya kikao cha kutazama nyuma. Kila baada ya wiki mbili, Ijumaa baada ya chakula cha mchana, tunaacha kompyuta na kuingia chumba cha vioo, tunaulizana: nini kimekwenda vizuri, nini kimetuumiza, tubadilishe nini. Mimi ndiye ninayekiendesha. Siandiki programu, kazi yangu ni kuwafanya wanaoandika wasikilizane. Kila mtu anaandika lake kwenye kikaratasi cha kunata, anabandika ukutani, kisha kila mmoja anapewa vitone vitatu vya kalamu nyekundu vya kupigia kura. Lenye vitone vingi ndilo tunalolizungumza, maana tuna saa moja tu, na kwenye saa mimi sina mchezo na mtu.

Programu yetu ni kitufe cha hatari. Ukivamiwa nyumbani unabonyeza simu yako, alama inatokea kwenye ramani, na walinzi wenye bunduki wanakimbilia pale ilipo alama. Boksburg, Benoni, Daveyton, Katlehong, kote huku wanatutegemea.

Tintswalo Maluleke, binti anayeijaribu programu kabla haijawafikia watu, alibandika chake: "Dhoruba ikikata mtandao, alama inahamia nyumba nyingine." Kilipata kitone kimoja, cha kwake mwenyewe. Mashine mbovu ya kahawa ilipata saba. Tukazungumza kahawa.

"Na changu, dada Khomotso?" akaniuliza tukitoka.

"Wiki mbili zijazo, mdogo wangu. Kura ni kura."

Jumatatu, 13 Oktoba

Radi mchana kutwa. Umeme hakuna.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hadebe leo kaamka vibaya. Vusumuzi Hadebe ndiye kiongozi wa waandishi wetu wa programu, mtu wa miraba minne, sauti yake inasikika mpaka maegesho ya magari. Kichwani yumo, siwezi kumnyima hilo. Mfumo mzima anao yeye kichwani, na akiugua mafua kampuni nzima inaugua. Leo kamwandama Gerhard Fouche, mzee wetu wa ramani kutoka Springs, anayeficha nyama yake ya kukausha kwenye droo na kusema maneno kumi kwa siku.

"Fouche, hii ramani umeirithi kwa babu yako? Mbona inatembea kwa mkongojo?"

Watu wakacheka. Fouche akafuta miwani yake. Nami nilicheka, maana Hadebe akitaka kuchekesha anachekesha kweli.

Jumatano, 22 Oktoba

Ngcobo, mkuu wa walinzi, kaingia ofisini na buti za matope, akasimama katikati ya zulia la Bi. Pillay. Jana jioni, mvua ikiwa imepamba moto Daveyton, alama iliwapeleka vijana wake uani kwa watu wasiobonyeza kitu. Mbwa akawarukia. Wakampiga risasi mbili mbele ya watoto waliokuwa wanakula.

"Nani ananiambia ile nyumba ilikuwa ipi?" Ngcobo akauliza. "Mimi naona alama, naenda. Mimi si mganga."

Bi. Pillay, mkurugenzi wetu, akampa kiti na chai. Hakukaa wala hakunywa.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kikao. Tintswalo kabandika maneno yale yale kwa herufi kubwa. Kitone kimoja tena. Mada iliyoshinda: vikao vimezidi. Haki ya Mungu, tumekaa kikao kizima kulalamika kwamba vikao vimezidi.

Nilipomgusia Hadebe habari ya mbwa alisema, "Mbwa ni mbwa, dada. Skrini mpya zinatakiwa mwisho wa mwezi." Bonolo na Zweli, vijana wawili wanaotengeneza skrini, wakaitikia kwa vichwa. Wao humtazama Hadebe usoni kwanza ndipo waweke vitone vyao. Nimeligundua leo na limenikera, ila si jambo la kugombana nalo. Tintswalo alinuna mpaka mwisho. Binti ni mzuri kazini, lakini ni king'ang'anizi.

Jumamosi, 1 Novemba

Mti wa jirani umeangukia ukuta wangu. Hakuna aliyeumia. Nimekula magwinya manne, maandazi ya huku, kwa hasira.

Jumanne, 4 Novemba

Sijui nianzie wapi. Jana jioni Boksburg ilipigwa na dhoruba, minara ikazimika. Mwanamke mmoja kavamiwa, kabonyeza kitufe, na alama ikakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Mle ndani mlikuwa na mzee Petrus Mabaso, mtunza majengo wa shule, anaoga. Walinzi wakavunja mlango wa mbele, wakavunja wa bafu, wakamkuta mwanamume uchi, ameshika brashi ya mgongo. Wakadhani ni bunduki. Walimpiga kwa vitako vya bunduki mpaka mkono ukavunjika sehemu mbili. Mjukuu wake alikuwa anapiga kelele, "Ni babu! Ni babu!" na hawakumsikia kwa ngurumo.

Mwanamke aliyebonyeza alifungwa kwa waya wa pasi, akapigwa mpaka wezi walipochoka wenyewe. Yu hai. Wote wawili wako hospitali moja, wodi mbili tofauti.

Nimewaza kikaratasi cha Tintswalo siku nzima. Safari ijayo risasi haitampata mbwa. Sote ofisini tunalijua hilo, na kila mtu kainama kwenye kompyuta yake.

Ijumaa, 7 Novemba

Shavu limevimba na naandika nimejiwekea barafu.

Nilifungua kikao kwa maneno niliyozoea: hapa hatutafuti mwenye kosa, tunatafuta kosa. Hadebe akacheka kwa pua.

"Leo tunatafuta mtu, dada. Bi. Pillay anataka jina kabla jua halijazama. Mzee wa watu kavunjwa mkono."

Hapo ndipo nilipopaswa kumtoa nje. Nikasema, "Haya, tuandike kwanza."

Tintswalo hakuandika. Alisimama. "Mimi nimeandika mara mbili! Mara mbili nimeweka pale ukutani, na ninyi mkazungumza kahawa! Kahawa!"

"Kazi yako ni kujaribu programu, si kulialia," Hadebe akamkata. Kisha akamgeukia Fouche. "Mwenye ramani, wewe ulijua?"

Fouche akavua miwani, akaiweka mezani taratibu. "Nilikwambia mwezi wa nane. Simu ikikosa mnara inatuma mahali ilipopata mtandao mara ya mwisho. Pengine ni getini kwa jirani, wakati mtu anarudi kutoka kazini. Nilikuomba siku nne nitengeneze. Ukaniambia niache uzee, nimalize skrini."

"Muongo wewe."

"Nilikwambia pale penye maikrowevu. Bonolo alikuwepo."

Sote tukamtazama Bonolo. Bonolo akatazama viatu vyake.

"Unanichongea?" Hadebe akasimama, kiti kikaanguka. "Wewe Fouche, mbele ya watoto hawa, unanichongea mimi?"

"Sikuchongei. Nasema nilichosema."

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Nilisikia mlio wake kabla sijaelewa nimeona nini. Fouche akaangukia ukuta, vikaratasi vikamwangukia, na Hadebe akamfuata hukohuko chini, ya pili, ya tatu, mzee wa watu kajikunja kaziba uso kwa viganja. Tintswalo anapiga mayowe. Zweli kaganda. Nikamrukia Hadebe mgongoni, nikamkamata shati likachanika lote, na kiwiko chake kikanipata hapa shavuni, nikaona nyota. Ikabidi waje walinzi wawili kutoka chini ndio wamtoe.

Fouche alikaa sakafuni akatema jino kiganjani, akalitazama. Nikampa vile vikaratasi vya kunata afutie damu kwa sababu hakukuwa na kitu kingine. Nikamfunga mkanda wa kiti cha gari, nikampeleka kwa daktari akashonwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Nilidhani nitakuta meza ya Hadebe tupu. Thubutu! Yupo, kashika kahawa yake. Bi. Pillay kaniita ofisini.

"Khomotso, nikimfukuza leo, mfumo ukianguka kesho nani anauinua? Wewe?"

"Fouche je?"

"Fouche amekubali kuombwa radhi."

Radhi yenyewe Hadebe aliisoma kutoka kwenye simu. Fouche alisikiliza akiwa amesimama, mdomo umevimba, akaitikia kwa kichwa mara moja na kurudi kwenye ramani zake. Nilitaka kurusha kitu. Nikarusha kalamu ndani ya droo na kuifunga.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua. Hakuna alama iliyohama leo, au hatujaambiwa.

Jumatatu, 17 Novemba

Ofisi imetulia ajabu. Hadebe anasema "tafadhali". Fouche anakuja, anafanya kazi, anaondoka. Ukimsalimia anainua mkono.

Ijumaa, 21 Novemba

Leo nimefanya kikao ninachojivunia.

Nimefuta vitone. Hakuna kura kabla ya maneno: kila mtu anazungumza kwa zamu, meza nzima, bila kukatizwa, na asiye na la kusema anasema "pita". Na nimemleta Ngcobo, kwa mara ya kwanza, maana ni upuuzi kuzungumzia milango siku zote bila kumwita anayeivunja. Alikaa na bunduki yake kiunoni akatutazama mmoja mmoja.

"Mimi nina swali moja tu," alisema. "Nikifika na mvua inapiga, nivunje au nisivunje? Maana nikivunja, napiga mzee anayeoga. Nisipovunja, mtu anachinjwa ndani."

Kisha Hadebe akajibu, kwa upole kabisa. Mfumo ukiwa hauna uhakika na mahali, upige wenyewe simu ya mteja palepale. Mteja apokee, aseme yuko nyumba ipi. Mlango usiguswe mpaka ajibu. Ni rahisi, na inaweza kuwa tayari wiki ijayo.

Nikazungusha meza.

"Afadhali kuliko sasa," Tintswalo.

"Sawa," Bonolo. "Sawa," Zweli.

"Kama atapokea, mimi naafiki," Ngcobo.

"Bwana Fouche?"

"Pita."

"Una hakika?"

"Pita."

Nikamshukuru, tukaendelea. Jambo moja, mwenye kulifanya mmoja, tarehe yake imeandikwa. Tulimaliza kabla ya saa. Kikao cha kwanza mwaka huu kisicho na makelele! Nimerudi nyumbani naimba, na hata dirisha la gari lililozibwa kwa nailoni halijanikera.

Ijumaa, 28 Novemba

Simu ya kujipiga imeanza kazi leo. Hadebe kanunua keki. Kamkatia Fouche kipande kikubwa kuliko vyote. Nimeanza kumfikiria vizuri tena.

Jumatatu, 1 Desemba

Joto. Mawingu meusi, hayamwagi.

Jumatano, 3 Desemba

Yalimwaga jana jioni, Benoni.

Lindelwa Sithebe ni muuguzi, anaishi peke yake. Wanaume wawili walivunja dirisha la jikoni wakati wa ngurumo. Alikimbilia chumbani, akaingia kabati la nguo, akajifunika mablanketi, akabonyeza. Minara ilikuwa imezimika nusu, mfumo haukuwa na uhakika, ukafanya kile tulichokubaliana tukakilia keki. Ukampigia.

Simu ikalia ndani ya kabati.

Ngcobo ndiye aliyenisimulia, tumesimama ngazini. Alikuwa nje ya geti, nyumba sahihi kabisa, anasubiri ajibu kama tulivyomwagiza. Alisikia mlio wa simu kupitia dirisha lililovunjwa. Akasikia unakoma. Halafu akamsikia Lindelwa. Hapo hakusubiri tena, akaruka geti, akampiga risasi mmoja ya paja barazani, wa pili akaruka ukuta. Lindelwa alikuwa nusu ndani ya kabati nusu nje. Visu saba. Yuko hospitali, hajazinduka.

"Nilikuwa getini, mama," Ngcobo aliniambia. "Bunduki mkononi, nasubiri simu."

Nilipotoka ngazini nilimkuta Hadebe kakaa kwenye korido, kashika kichwa. Kaniambia, "Sikuwaza mlio. Dada, sikuwaza mlio kabisa." Namwamini. Mimi pia sikuwaza. Chumba kizima cha watu wenye simu mifukoni, hakuna aliyewaza mlio.

Halafu nikakumbuka yule aliyesema "pita".

Alhamisi, 4 Desemba

Fouche hakuja kazini. Nimeendesha hadi Springs. Nimemkuta gerejini kwake anapaka mafuta mashine ya kukatia nyasi isiyohitaji mafuta. Hakushangaa kuniona.

"Ulijua ya simu?" Nilimuuliza hata salamu sijatoa.

"Nilijua."

"Ulijua italia?"

"Mtu aliyejificha, ukimpigia simu, unamtaja. Nililiona palepale Hadebe alipolisema."

Damu ikanipanda. Nilimpigia kelele, nasema kweli, majirani walichungulia. Nikamwambia mwanamke wa watu kachomwa visu saba kwa sababu yeye kashindwa kufungua mdomo. Nikamwambia ningempa zamu hata mara kumi angetaka, na kwamba nilimuuliza, nilimuuliza mara mbili, una hakika, bwana Fouche, una hakika! Aliniacha nikaisha pumzi.

"Uliniuliza mbele yake," akasema.

Nilisimama pale gerejini na mkoba wangu. Mara ya mwisho alipoulizwa swali kwenye chumba kile na kusema kweli, alitoka akiwa na jino mkononi, na aliyempiga alirudi Jumatatu na kahawa. Mimi nikapanga viti vile vile, nikamkalisha mkabala na zile ngumi, kisha nikaita ule ukimya wake amani na kwenda nyumbani naimba.

"Unayoyajua yako mangapi?" nikamuuliza mwishoni.

Akafuta mikono kwa tambara. "Yapo manne."

"Njoo kesho. Hatakuwepo chumbani."

"Huwezi kumtoa."

"Njoo uone."

Ijumaa, 5 Desemba

Lindelwa Sithebe amefariki alfajiri. Ngcobo alinipigia niko njiani, nikaegesha kando, nikalia, nikaendelea.

Baada ya chakula tuliingia chumba cha vioo, Fouche na Ngcobo wakiwemo. Sikufungua na maneno yoyote.

"Hadebe, toka."

"Nini?"

"Toka nje. Kikao hiki hukai."

"Wewe ni nani wa kunitoa mimi? Hii timu ni ya nani?" Akanijia mpaka nikasikia pumzi yake, ngumi kazikunja.

"Nipige basi. Nipige mbele yao, kisha uketi, tuone nani tena atakwambia ukweli humu. Ulimpiga Fouche akanyamaza, na leo asubuhi mwanamke amekufa. Ndiyo, nasema hivyo. Na mimi niliyekuacha ukae, nimo."

Tintswalo alisimama akaja kusimama karibu yangu, kimya. Zweli naye. Mwisho Bonolo, machozi yanamtoka, akasema kwa sauti ndogo, "Penye maikrowevu nilikuwepo, kaka. Alikwambia kweli." Hadebe akamtazama, akatutazama sote. Akapiga teke pipa la taka likaruka hadi dirishani, akatoka. Bi. Pillay alikuja mbio akagonga kioo. Nilifunga kwa ufunguo.

Nikavuta kiti nikakaa upande wa Fouche, sio mbele yake. Sikutoa vikaratasi. Sikutazama saa. Zweli akataka kusema kitu, nikamzuia kwa mkono.

"La kwanza mnalijua, lile la alama," Fouche alianza. "Siku nne bado zinatosha. La pili, ile simu izimwe sasa hivi, mteja aandikiwe ujumbe usiolia." Alikuwa anaongea akiangalia meza. "La tatu ni baya kuliko hayo."

"Sema, baba," Ngcobo akamwambia.

"Watu wawili wa mtaa mmoja wakibonyeza karibu kwa wakati mmoja, mfumo unadhani ni mtu mmoja kabonyeza mara mbili. Unamfuta wa kwanza."

"Tangu lini?" Tintswalo aliuliza.

"Septemba."

Ngcobo aliweka viganja viwili mezani. "Kwa hiyo wa kwanza mimi sikuwahi kumwona."

"Hukuwahi."

Nikauliza nani anaweza kulizima leo. Fouche akaashiria kioo kwa kidevu. Hadebe alikuwa ameketi sakafuni koridoni, miguu kainyoosha, anatutazama.

"Unakubali aingie?" nikamuuliza Fouche.

Akafikiri. "Akae pale mlangoni. Asiseme."

Nikafungua. "Ingia. Kaa hapo, na usitoe neno. Fouche anasema, wewe unaandika." Nilitegemea matusi. Alichukua kompyuta yake, akaketi mlangoni akaipakata, akasubiri kuambiwa. Akaizima ile simu kwanza.

Mvua ilianza Vosloorus kabla ya Kempton Park. Tuliiona kwenye ramani ya ukutani, minara inazimika mmoja mmoja. Hadebe alikuwa hajafika nusu ya la tatu kengele ilipolia. Nyumba namba kumi na nne. Kabla hatujageuza shingo ikalia nyingine mtaa uleule, namba kumi na tisa, na mbele ya macho yetu kumi na nne ikapotea. Ngcobo alikuwa tayari mlangoni anapiga kelele kwenye redio, "Kumi na nne na kumi na tisa! Zote mbili! Nasema zote mbili!" akamruka Hadebe miguuni, akaenda.

Tuliwasikia kwenye redio ya ofisini. Kumi na tisa, wezi walikimbia. Kumi na nne, mlango wa nyuma ulikuwa umeshavunjwa, milio mitatu ya risasi, halafu sauti ya mlinzi ikihema: mama na watoto wawili chini ya kitanda, wazima, wazima wote. Tintswalo akajifunika uso. Bonolo akamkumbatia Zweli.

Fouche alingoja tunyamaze.

"La nne," akasema, na Hadebe akainamia kompyuta.